Nani Anakula Bando la Nyumba Hii

Jumapili, 1 Juni 2025

Asilimia tisa! Nimeachiwa asilimia tisa ya chaji, mimi niliyembeba tumboni miezi tisa.

Abel kapiga vidio saa saba, tumetoka misa. Yuko Mererani, machimboni, mwaka wa pili huu. Simu kapokea mkewe, kama kawaida — simu inalala chumbani kwa Loveness, inaamka na Loveness, inakwenda na Loveness mpaka bombani. Wameongea, wameongea. Mimi niko jikoni nasonga ugali, nasikia vicheko. Ugali ukaiva. Mboga ikaiva. Nikapakua, nikaosha sufuria — bado! Ndipo akaja mbio: "Mama, mama, Abel anataka kukusalimu." Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikashika simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwa—"

Giza. Naona pua yangu mwenyewe kwenye kioo. Loveness anasema pole mama, chaji imeisha. Pole!

Kitochi changu kilitumbukia kwenye debe la maji ya ng'ombe mwezi wa nne. Abel akatuma hii simu ya kupangusa kwa mkono wa Modest, anayechimba naye, na Modest aliniambia waziwazi: "Abel amesema mtatumia wote wawili." Wote wawili. Sasa mmoja anatumia, mwingine anaishika ikizima.

Naandika humu kwa sababu siwezi kwenda kwa jirani, mwanamke mzima, katibu wa kina mama wa kigango, nikalie kwamba mkwe wangu kanimalizia chaji.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya chaji. Jumatano na Jumamosi nikipeleka maziwa senta napitisha simu kwa Patriki. Ana sola tatu juu ya bati, na mezani simu zimejipanga, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Yetu imeandikwa MAMA ABEL. Angalau hapo!

Ukungu tangu asubuhi, jua halipo. Masaa matatu kwenye benchi, imepanda asilimia arobaini na mbili tu. Patriki anasema tupunguze mwanga wa kioo, tuzime ramani, tusiache mambo yamefunguka nyuma. Nikamwambia hayo kamwambie anayelala nayo. Mimi nataka kujua kitu kimoja — bando. Abel anatuwekea kila Jumatatu. Alhamisi limekwisha. Nani anakula?

Patriki kacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Abel." Kafungua sehemu fulani, loo! Imeandikwa yote. Nani kala, kala kiasi gani, tarehe gani. Tiktok — GB mbili! Wasapu inafuata. Mbele ya kila jina kuna kitufe cha kijani. Ukikigusa kinakuwa kijivu, basi hicho kitu hakipati data hata tone, vingine vyote vinaendelea na maisha yao.

Nikasema nionyeshe tena. Kaonyesha. Nikasema niache nifanye mwenyewe. Nikagusa. Tiktok kwaheri.

Nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 7 Juni

Loveness ameuliza kwa adabu, eti tiktok haifunguki, sijui ni mtandao. Nikasema labda ni huu ukungu. Akakubali! Akakaa chini akaendelea kuchambua maharage.

Adabu anayo, siwezi kusema uongo. Ni Mbarbaig wa Balangdalalu, binti wa Mzee Gidahosh, na kwao mke anafundwa akafundika. Jina la marehemu mume wangu halitamki mpaka leo, anasema "yule mzee wa nyumba hii". Mimi nikisema jambo hanijibu juu. Kuolewa ameolewa mwaka na nusu, mtoto bado, na sijamsema hata siku moja. Kwa hiyo si kwamba namchukia.

Ila jioni! Mimi napukuchua mahindi, yeye kajikunyata kwenye kigoda, simu sikioni, anasikiliza voisi za Abel. Anasikiliza, anatabasamu, anarudia kusikiliza ile ile. Nikauliza anasemaje? "Anakusalimia mama." Anakusalimia. Voisi ndefu vile, neno langu mimi ni hilo moja, kama salamu za mwenyekiti wa kitongoji.

Wivu. Haya, nimeliandika. Nina miaka hamsini na nne na namwonea wivu mtoto wa watu kwa ajili ya mtoto wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi — lakini vicheko vya mwana anavipata nani?

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Leo nimeletewa simu ikiwa na asilimia thelathini na moja. Nikakaa vizuri, nimevaa kitambaa kile cha sikukuu. Uso wa Abel umejaa kioo chote, ndevu zimemtoka, moyo wangu ukalainika kabisa. Nikasubiri aniulize kikohozi. Nakohoa tangu Jumanne, na nilikohoa pale pale ili asikie.

Akasema: "Mama, Loveness mbona amekonda? Anakula vizuri kweli?"

Nikamjibu anakula. Nikarudisha simu. Nimesema natazama kuku.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya. Nitaandika haraka, Loveness yuko bombani.

Kwa Patriki, simu imefika asilimia sitini, ikalia ting. Kioo kikawaka: "Mke wangu umeamkaje na baridi hii." Ting. "Vaa lile sweta." Ting. Karatasi imeandikwa MAMA ABEL, simu mkononi kwa Mama Abel, na humo ndani hakuna hata neno la Mama Abel!

Patriki alikuwa anahangaika na waya za mteja. Nikaingia kule alikonionyesha. Wasapu. Kijani. Nikagusa. Kijivu.

Ni mpaka Jumapili tu. Bando litabaki, chaji itabaki. Jumapili asubuhi kabla ya misa nafungua mwenyewe, Abel anapiga, simu iko kwangu, imejaa, naongea na mwanangu mpaka nichoke. Halafu wao waendelee. Siku nne hazijaua mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Loveness kaizima simu, kaiwasha. Kafuta picha zake za harusi mbili akidhani imejaa. Jioni kajitanda shuka, kapanda nayo kilimani kule juu ya shamba la jirani yetu Judica, kutafuta mtandao. Kashuka giza linaingia, meno yanagongana. "Inaandika inaunganisha, inaunganisha, basi." Anataka kuipeleka kwa Patriki kesho. Nikasema aa, kesho ni zamu yangu ya maziwa, nitampelekea mimi.

Nimelala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Jumapili, 15 Juni

Mipango yangu yote! Nimeamka mapema nifungue kile kitufe — simu haipo. Loveness keshapanda nayo kilimani kabla hata ya kukamua. Misa nzima naomba vibaya.

Lakini sikiliza. Saa tisa yeye yuko bombani, simu iko mezani, ikalia. Kupiga kwa kawaida, siyo vidio. Nikapokea mimi.

Abel hakucheka. Akauliza tangu Jumatano Loveness yuko wapi, kila anachotuma ni tiki moja. Nikasema mtandao, mwanangu, huku ukungu. Akasema: "Mama, Judica wa hapo juu amenijibu wasapu sasa hivi. Mtandao gani huo?" Akashusha sauti: "Kuna kitu mama? Niambie tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliiona kabisa. Nikasema: "Mimi sijui mwanangu. Ila kila jioni anapanda kilimani na simu."

Si uongo. Kila neno la kweli. Na nilijua linakokwenda.

Akasema amesikia. Nikaogopa atakata. Halafu akaanza kuongea na mimi. Na mimi! Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Bati la jikoni bado linavuja? Mama hicho kikohozi umeenda zahanati? Dakika kumi na mbili na sekunde kadhaa, simu imeandika yenyewe. Tangu ameoa hajanipa dakika kumi na mbili.

Sikufungua kitufe.

Jumatano, 18 Juni

Patriki: "Mama Abel, bando lenu wiki hii mbona haliliwi? Mmefunga kwaresma?" Benchi zima likacheka. Nikacheka na mimi.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Abel alinipigia tena jana, akitaka niongee mimi kwanza. Nikasema nitafungua Jumamosi.

Alhamisi, 19 Juni

Wamegombana. Loveness yuko uani, simu sikioni, analia bila sauti. Anarudia, "Sijakublock, Abel. Kublock ni kufanyaje? Sijui hata inafanywaje."

Hajala. Nami sijala.

Jumamosi, 21 Juni

Simu nimepeleka, nimekaa, nimerudi. Sikufungua. Nilijiambia: nikifungua leo yatamwagika yote kwa mpigo, ya siku kumi, na Abel atauliza yalizuiwa na nini. Atamuuliza Patriki. Patriki mdomo hauna mlango.

Judica kanifuata njiani, shikamoo, marahaba, halafu kaanza kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho kalitoa: Loveness anaonekana kule juu jioni na mwanaume. Gidamis, yule mchunga ng'ombe aliyehamia na ng'ombe wake kutoka uwandani. Wanaongea Kibarbaig, watu hawaelewi.

Nikamuuliza Loveness. Kasema Gidamis ni wa ukoo wa mama yake, alimpa habari za nyumbani, bibi yake mgonjwa. Macho yake yalinitazama sawasawa. Nilimwamini palepale. Lakini Judica nilikuwa nimeshaagana naye njiani bila kumwambia neno, na nilijua habari itafika Mererani kabla ya mimi kufika nyumbani. Wasapu ya Judica inafanya kazi vizuri sana.

Jumanne, 24 Juni

Shemeji Felician amekuja asubuhi na kofia yake. Akija na kofia ni mambo ya ukoo. Abel kampigia. Abel anakuja Ijumaa. Mzee Gidahosh ameitwa kutoka Balangdalalu. Kikao ni Jumamosi saa nane, hapa kwangu uani. Ikithibitika kwamba mke ana mtu, anaondoka na baba yake siku hiyo hiyo.

"Na wewe shemeji ndiye shahidi," anasema. "Abel amesema mama ndiye aliyemfumbua macho."

Nilitaka kukaa chini, kigoda kilikuwa mbali.

Kisha akamgeukia Loveness, akanyoosha mkono: simu. Abel ameagiza ikae kwake mpaka kikao. Loveness kaitoa kwa mikono miwili, kapiga goti. Hakuuliza kwa nini. Felician kaifunga kwenye leso, kaitia mfuko wa koti, kaondoka nayo na kitufe changu humo ndani!

Dakika chache. Mimi nilitaka dakika chache za Jumapili na mwanangu, simu ikiwa na chaji. Sikutaka mtu arudishwe kwao.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa Felician. Nimesema nipe niipeleke chaji, kama kawaida. Amekataa. Eti ushahidi. Nikasema itazima. Akasema imeshazima, naye ndivyo anavyopenda, hizi simu za kupangusa zinamtisha.

Njiani nimejaribu kusema kwa sauti, peke yangu, kati ya mahindi: "Abel, mama yako ndiye aliyefunga." Nimeshindwa kumaliza. Na hapo ni mbele ya mahindi.

Ijumaa, 27 Juni

Amefika. Vumbi mpaka kwenye kope. Nimemkumbatia, ni mifupa mitupu. Chumbani kwake hakuingia — analala kwa Felician. Loveness alimpikia, alimtandikia, amekaa mlangoni mpaka chai imepoa. Abel kapita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo.

Kwangu alikaa. Alikula viazi vyangu, akasema hakuna mtu anayepika viazi hivi Mererani. Niliposikia hivyo nilifurahi. Nimekuwa mtu gani mimi, nafurahi siku kama hii!

Jumamosi, 28 Juni

Niko stoo, kwenye magunia, mlango nimeurudisha. Nje wanapanga viti. Naandika kabla hawajaniita.

Asubuhi Felician mwenyewe kaniletea simu kwenye leso. "Shemeji, ipeleke kwa huyo Patriki iwake. Wazee wataka kuiona kwa macho, na mimi siwezi kuiwasha." Nimekwenda karibu mbio. Leo jua limetoka, jua kali, ambalo tulililia mwezi mzima. Ilipofika asilimia ishirini nikaichomoa. Sikungoja. Nimerudi, nimeingia humu, nikaenda kule kwenye orodha. Wasapu. Kijivu. Nikagusa.

Kijani.

Ikakaa kidogo. Halafu ting. Ting. Ting ting ting — sikujua namna ya kunyamazisha, nimeikandamiza kifuani kama mtoto anayelia. Sitini na tatu! Zote za Abel, kwa Loveness. Nikafungua. Sikupaswa. Zile za mwanzo ni sweta, umekulaje, ng'ombe mwekundu vipi. Kisha mbona kimya. Kisha una hasira na mimi? Kisha zinafupika, nyingine ni alama ya kuuliza tu. Nilikuwa nasoma mwanangu anavyoumia, siku kwa siku, na kila siku naijua, kila siku mimi nilikuwa nimelala vizuri.

Nikafikiri kufuta. Ndiyo, nilifikiri. Patriki hakunifundisha kufuta.

Ya mwisho ni voisi. Ya Jumanne. Nikaigusa nikidhani italia taratibu, ikalia stoo nzima:

"Loveness, sitakuandikia tena. Usiniambie mtandao. Mama ameniambia unakopanda jioni, na mama yangu hajawahi kunidanganya tangu nizaliwe. Ningekuwa nimesikia kwa mtu mwingine yeyote, ningekataa. Lakini ni mama."

Nilipoinua macho Loveness yuko mlangoni. Kaja kuchukua beseni la kunawia wageni. Sijui alisimama tangu lini.

Akatazama simu. Akatazama zile ting zote zimejipanga. Akauliza polepole, "Mama, hizi zilikuwa wapi?"

Nikasema, "Zilikuwa humu humu. Nilizifungia mimi."

Kwa hiyo nimeweza kusema. Kwake yeye nimeweza.

Nilingoja anitukane. Heri angenitukana! Heri angelichukua lile beseni akanipiga nalo kichwani. Alijifunga shuka yake vizuri. Akasema: "Baba yangu amefika. Mimi sitasema kitu, mama. Kwetu mke hamshitaki mama mkwe mbele ya wazee." Akainama akalichukua beseni, akalisuza, akatoka. Namsikia nje anawanawisha. Mzee Gidahosh anaongea naye kwa lugha yao, na yeye anajibu neno moja moja.

Yaani hatasema. Atakaa pale, wazee watauliza, atanyamaza, na Felician atasema kunyamaza ni kukubali. Nami nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka kaburini. Nitabaki na mwanangu. Jumapili zote zitakuwa zangu, simu imejaa chaji, bando zima.

Felician ameita. "Mama Abel! Tunakusubiri wewe tu, uje useme ulichokiona."

Nimeitika nakuja.

Naona kwa mwanya wa mlango. Loveness amekaa chini, peke yake, miguu ameikunja upande. Abel amevuta kiti, kiti kizuri, kile cha mgongo, amekiweka kushoto kwake. Anakifuta vumbi kwa kiganja. "Mama," anaita, "njoo ukae hapa karibu yangu."